Hisa Zilipoiva

Kuluthumu Abdulrahim hakuwa mtu wa kuogopaogopa. Aliwahi kumkatalia dereva wa lori shehena nzima ya alizeti kwa sababu mbegu zilikuwa na unyevu. Dereva akatukana mpaka matusi yakamwishia, na yeye akaendelea kujaza fomu yake kama anayesikiliza taarifa ya habari. Lakini wiki ile ya mwisho wa Juni, kitufe kimoja kwenye simu kilikuwa kinamtoa jasho, na hali baridi ya Dodoma mwezi huo kila mtu anaijua. Kitufe chenyewe kilikuwa cha kijani, kimeandikwa UZA.

Mambo yalikuwa hivi. Kiwanda cha mafuta cha Mzee Natwarlal, ambako Kuluthumu alikuwa msimamizi wa maabara, kiliamua kuwapa hisa kila mwaka wafanyakazi waliotimiza miaka kumi. Hukupewa leo ukauza kesho. Zilikaa miaka mitatu. Ukiacha kazi kabla ya hapo umezikosa, ukivumilia zinakuwa zako, na watu wa kiwandani walisema "zimeiva". Zikishaiva, mara moja kwa mwaka kampuni inafungua dirisha la wiki mbili. Anayetaka kuuza, kampuni yenyewe inazinunua kwa bei iliyotangazwa. Asiyetaka anakaa nazo, anangoja gawio na kumwomba Mungu alizeti istawi.

Za Kuluthumu zilikuwa zimeiva. Kwa bei ya mwaka huo, kodi ikishakatwa, zilitosha kuezeka nyumba yake ya Nzuguni: mbao za kenchi, bati na ufundi, na ikabaki ya milango miwili. Nyumba hiyo ilikuwa imegota kwenye lenta, kuta bila paa, mwaka wa nne sasa. Mbuzi wa jirani walishaizoea. Jua likiwa kali waliingia sebuleni, wakacheua, wakatoka kwa wakati wao. Yeye, mama yake na wanawe wawili walipanga vyumba vitatu mtaa wa pili, na kila asubuhi akienda kazini alipita mbele ya sebule ile na kujifanya anatazama upande mwingine.

Basi auze, kuna ugumu gani? Utasema hivyo kwa kuwa hukuwepo siku Mzee Natwarlal alipozigawa. Mzee yule, mzaliwa wa Kondoa, umri unakaribia themanini, alikataa meneja asimsaidie. Aliita mtu mmoja mmoja kwa jina, akampa bahasha kwa mikono miwili. Alipofika kwa Kuluthumu akasema, "Kuanzia leo wewe si mwajiriwa tu. Wewe ni mtu wa nyumba hii." Kuluthumu akalia mbele ya watu wote, jambo ambalo hajajisamehe mpaka leo. Alikuwa na sababu. Alianza pale akiwa msichana wa kushona magunia ya mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, na ni Mzee huyohuyo aliyemlipia ada ya chuo akasomee maabara. Sasa mtu kama huyo unamrudishiaje bahasha yake?

Halafu kulikuwa na habari ya Methusela. Methusela, fundi wa mashine, aliuza hisa zake zote mwaka uliopita. Haukupita mwezi akahamishiwa kituo cha kununulia mbegu huko Itigi. Aliyeieneza habari hiyo kwa bidii alikuwa Silvano wa stoo, mtu mwenye maoni kuhusu kila kitu isipokuwa stoo.

"Umeona?" Silvano alimwambia Kuluthumu wiki hiyo, amejiegemeza kwenye mlango wa maabara. "Mzee hasemi, lakini hasahau. Kuuza hisa zake ni kumwambia machoni kwamba humwamini. Mimi zangu? Thubutu! Nazilinda kama mboni ya jicho. Hizi zitapanda, dada, halafu utanitafuta."

Kuluthumu aliendelea kupanga chupa zake za sampuli. Lakini moyoni alikuwa na hesabu yake, na hesabu hiyo aliifundishwa na ukame. Miaka miwili nyuma mvua zilikata mapema, alizeti ikakauka ikiwa magotini, kiwanda kikasimama miezi minne. Wafanyakazi wakalipwa nusu. Kipindi kile ndipo alipogundua kwamba mshahara wake uko kiwandani, mkopo wake wa Saccos unakatwa kiwandani, na bima ya watoto ni ya kiwanda. Na bei ya hisa, kwa kuwa ni hisa za kiwanda hichohicho, ilishuka wakati uleule mshahara ulipopungua. Watoto waliugua mafua wote wawili, na yeye akakaa kitandani pao akiwaza mtu anaweza kuwa mjinga kiasi gani, kuweka kila alichonacho kwa mwenyeji mmoja.

Kwa hiyo alitaka kuuza, na aliogopa kuuza. Akatafuta njia ya waoga: angebonyeza Ijumaa saa kumi kasorobo jioni, robo saa kabla dirisha halijafungwa. Jumatatu angechukua likizo ya wiki moja. Alishachagua hata ugonjwa. Angeumwa mgongo, maana mgongo hauna kipimo.

Alhamisi asubuhi, akinywa chai na mama yake, siri ikamponyoka. Bi Asma alikuwa mwanamke wa Kondoa asiyejua hisa ni nini, na alitaka aelezwe vizuri.

"Yaani ni kama mbuzi wako wanaokaa zizini kwake," alisema baada ya kusikiliza.

"Kama hivyo, mama."

"Wakizaa unapata. Zizi likiungua, umeungua naye."

"Hapohapo."

"Na alikupa yeye mwenyewe, kwa mkono wake?"

"Mikono yote miwili."

"Basi nenda kamwambie unauza."

"Mama, siku hizi huendi kwa mtu. Kuna programu kwenye simu, unabonyeza tu..."

"Hiyo simu ndiyo iliyokupa?"

Bi Asma akamsogezea kipande cha muhogo, akamweleza habari ambayo ukoo wao hauipendi. Mjomba Athuman alipewa mtamba na baba mkwe wake. Akapata shida zake, akamuuza mnadani kimyakimya. Wiki iliyofuata baba mkwe anatembea barabarani, akakutana na mtamba wake uso kwa uso, anaswagwa na mtu asiyemjua. Wakakaa miaka sita hawasemeshani.

"Kwa sababu alimuuza," Kuluthumu alisema.

"Hapana! Hapo ndipo mnapokosea wote. Siku walipopatanishwa mzee wa watu alisema mwenyewe, na mimi nilikuwepo nimebeba sinia la wali. Alisema, 'Angeniambia, ningempa na kamba.'" Bi Asma akajimiminia chai nyingine. "Kunywa uende. Unachelewa."

Kila asubuhi Mzee Natwarlal alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mizani ya malori. Ofisi alishamwachia mwanawe Dharmesh. Yeye alibaki na kiti. Alichota mashudu kiganjani, akayanusa, akayamwaga, na kwa pua hiyo aliweza kukwambia mashine ipi inabana vibaya. Kuluthumu alitoka maabara kumfuata, akafika nusu ya uwanja, akakumbuka kwamba hakubeba kalamu. Akarudi. Akatoka tena, akakumbuka kwamba kalamu haihitajiki. Mara ya tatu alitembea haraka ili miguu isipate nafasi ya kufikiri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Kulu. Vuta kiti."

Akavuta. Akamweleza unyevu wa mbegu za jana. Akamweleza unyevu wa mbegu za juzi. Akamweleza kuhusu kichujio namba mbili, kuhusu chupa za sampuli zilizopungua, kuhusu bei ya chupa. Mzee alimsikiliza mpaka habari zote za mafuta zikaisha, zikabaki zile zilizomleta.

"Mzee, nataka kuuza hisa zangu. Zote zilizoiva."

Lori likapanda mizani, likapimwa, likashuka. Mzee akalisindikiza kwa macho mpaka vumbi lilipotulia, na katika kungoja huko Kuluthumu alijiona tayari yuko Itigi, yeye na mama yake na masufuria.

"Kuna mgonjwa nyumbani?"

"Hapana, Mzee. Wazima wote."

"Umepata kazi kwingine?"

"Hapana. Nataka kuezeka nyumba." Kisha, kwa kuwa alishaanza, akasema yote, hata ambayo hakupanga kuyasema. "Mwaka ule wa ukame nilijifunza kitu. Mshahara wangu uko hapa. Mkopo wangu uko hapa. Matibabu ya watoto yako hapa. Naogopa kuweka na paa langu hapahapa. Si kwamba sikuamini, Mzee. Wallahi si hivyo. Nisingetaka usikie kwa njia nyingine."

Mzee Natwarlal alimwaga mashudu aliyoyashika, akapangusa kiganja kwenye suruali.

"Mwaka jana waliuza watu kumi na tisa," alisema. "Unajua ni wangapi walikuja kuniambia?"

"Sijui, Mzee."

"Mmoja. Methusela."

"Methusela?"

"Alikaa hapohapo ulipokaa. Akasema anauza akajenge Itigi, mkewe ni muuguzi kule, amechoka kuishi mbalimbali. Nikamwambia, kama ni hivyo hatuna haja ya kukupoteza, kituo cha kule kinataka mtu. Nikampa." Akachota mashudu mengine. "Wale kumi na nane wengine, majina yao niliyaona kwenye simu, maana ofisi nimeiacha, lakini hisa bado mimi ndiye ninayeidhinisha. Tangu siku hiyo wakinipita getini wanatazama viatu. Nimekaa mwaka mzima najiuliza nimewakosea nini."

Kuluthumu alishindwa kumtazama. Aliona aibu kwa niaba ya watu kumi na nane, na zaidi kwa niaba yake mwenyewe, kwa ule mgongo aliopanga kuumwa.

"Haya, fanya," Mzee alisema. "Bonyeza nikiona."

Akatoa simu na kubonyeza. Kitufe kilichomnyima raha wiki nzima kilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Papo hapo simu ya Mzee ikalia mfukoni mwa shati. Akaitoa, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena.

"Miwani nimeiacha ndani. Niidhinishie wewe."

"Mzee, inataka kidole chako."

"Basi chukua kidole."

Akampa mkono. Kuluthumu alilishika dole gumba la mzee, nene, limejaa unga wa mashudu, akalipangusa kwa pindo la koti lake la maabara na kuliweka kwenye kioo. Simu ikakataa. Akalipangusa tena. Ikakataa tena. "Miaka hamsini ya mafuta," Mzee alisema, "hata mashine hainitambui," na hapo Kuluthumu akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, na Mzee naye akacheka mpaka kiti kikalia. Mara ya tatu simu ilikubali.

"Sasa kuna jambo moja," Mzee alisema, na uso wake ukawa mkavu.

Kuluthumu akaiona tena Itigi, na masufuria.

"Bati. Chukua geji ishirini na nane. Watakuletea thelathini, bati jembamba, na kukuapia kwamba ni ishirini na nane. Rudisha! Upepo wa Nzuguni utakuezua usiku wa kwanza."

"Nitarudisha, Mzee."

"Na hisa zako zinazoiva mwakani?"

Angeweza kumdanganya kidogo ili amfurahishe. "Hizo sijaamua bado," alisema.

"Ukiamua, kiti unakijua."

Alirudi akikata uwanja polepole. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alitembea pale bila kitu kumkaba kifuani. Alitamani kumkumbatia mlinzi, mpima mizani, hata yule dereva wa matusi kama angekuwepo. Kwenye mlango wa maabara alimkuta Silvano amejiegemeza palepale, uso umemshuka, maana alikuwa ameona kila kitu kwa mbali.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Mungu wangu. Na Itigi je?"

Akamsimulia. Alimweleza habari ya mke wa Methusela, ya watu kumi na nane na viatu vyao, ya mzee anayejiuliza mwaka mzima amekosa nini. Alikuwa anasimulia kwa furaha tu, hakuwa na nia mbaya, lakini kadiri alivyoendelea ndivyo Silvano alivyopungua. Ile sauti yake ya mahubiri ilipotea kabisa.

"Alisema majina aliyaona?"

"Yote. Yeye ndiye anayeidhinisha."

Silvano alitazama chini, kwenye viatu vyake. Alipogundua anachokifanya akainua uso haraka, lakini alikuwa amechelewa, na Kuluthumu alikuwa ameshaelewa. Kumbe mlinzi wa mboni ya jicho alikuwa mmoja wa wale kumi na nane.

"Mzee bado yuko pale?" Silvano aliuliza.

"Yupo. Na kiti cha pili kiko wazi."

Silvano akavuta pumzi, akafunga vifungo viwili vya shati alivyozoea kuviacha wazi, na kuanza kukata uwanja. Njiani alisimama mara moja, akapapasa mifuko kana kwamba amesahau kalamu. Kuluthumu alimpungia mkono aendelee, akaingia ndani na kumpigia simu fundi wake, kumwambia aje Jumamosi apime kenchi.