Godoro la Zamu

Mwikali alikuwa na hakika ni joto. Nani angedhani vingine? Garissa mwezi wa pili mtu anatoka kuoga na kabla hajajifuta jasho limeshamtangulia, na binti yake Mutanu alizaliwa kwenye ubaridi wa milima ya Machakos. Vipele vilipotokea kiunoni na katikati ya vidole, Mwikali, mwalimu wetu huyu, alinunua poda. Alimmwagia mtoto poda hadi akafanana na chapati ambayo haijachomwa.

Poda haikufua dafu. Mutanu alijikuna akilala, akajikuna akila, mpaka ngozi ikatoka damu. Mwikali akaanza kutafuta wa kulaumu, na hakwenda mbali. Aliwalaumu watoto wa Ruweyda, jirani yake pale mtaani Iftin, waliokuwa wakicheza na Mutanu mchangani. Alimfungia tu mtoto ndani.

Ruweyda alielewa, maana mambo kama hayo hayahitaji kuambiwa. Alibisha hodi, akashika mkono wa Mutanu, akaukagua kidole baada ya kidole.

"Bole, mwalimu," alisema, maana kwa lafudhi yake ya Kisomali p humgeukia b. "Hii si joto, ni ubele. Lakini watoto yangu hawana. Angalia."

Aliwaita, wakanyoosha mikono yao mbele ya mwalimu. Ilikuwa safi kabisa. Mwikali aliona aibu, na alistahili.

Kwenye zahanati, daktari kijana aliyeitwa Abdilatif alimwambia jambo lile lile. Upele ni vijidudu vinavyochimba ngozini, alieleza, na havichagui msafi wala msomi. Vinahama mtu akigusana na mwenzake kwa muda, au wakilalia shuka moja. Kwa hiyo wote wa nyumbani wajipake dawa siku moja, hata asiyewashwa, na nguo na matandiko yachemshwe na kuanikwa juani. Halafu akauliza nani mwingine hulala pale. Hapo ndipo Mwikali alipomkumbuka mumewe.

Musyoka alikuwa fundi wa mitambo kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, upande wa Liboi, na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Akija, Mutanu hakanyagi chini. Hula akiwa amepakatwa, hulala kifuani kwa baba yake, na ole wake atakayejaribu kumwondoa. Alipopigiwa simu Musyoka hakubisha. Alikiri kwamba anajikuna tangu Krismasi, ila alidhani ni vumbi la changarawe.

Akaja. Wakajipaka wote watatu, nyumba nzima ikanuka dawa, na maji yote yaliyoletwa kwa mkokoteni wa punda yakaishia kwenye mashuka. Mutanu akapona. Baba akarudi kazini, na mwezi uliofuata akaja na vipele upya, akambeba mtoto kabla hajajua kuwa ameambukizwa tena. Wakaanza tena mwanzo. Mambo yakawa yale yale.

Ndipo Musyoka alipoeleza jinsi wanavyolala kambini. Magodoro hayatoshi. Wa zamu ya usiku wakirudi, wanajitupa pale pale walipoamka wa zamu ya mchana, pangali na joto la mwili wa mwenzao. Yeye alipokezana godoro na Siyad, mtu wa Elwak, na alikuwa amemgawia dawa, naye akajipaka bila kinyongo. Lakini godoro likipungua mahali, lao huhamishwa, na jingine huletwa likiwa na vijidudu vya wengine. Msimamizi alisema asiyependa godoro alale chini. Musyoka alilala chini mpaka nge akamrudisha juu. Kuacha kazi hakukuwa na maana, kwani mshahara wa mwalimu wa mkataba wote wawili waliujua kwamba hautoshi.

"Basi nisimguse," Musyoka alisema kwenye simu. "Mpaka kazi hii iishe. Nikija nitamtazama tu."

Mwikali alikubali, kwa kuwa hakuona la kukataa. Alikasirika na hakujua amkasirikie nani.

Musyoka alipofika Ijumaa moja mwezi uliofuata, hakuingia kwa vishindo kama kawaida yake. Alikaa kwenye kiti kando ya mlango, mikono ameikunja kwapani. Mutanu alitoka mbio jikoni.

"Simama hapo, mama," baba alisema.

Mtoto akasimama. Akamtazama baba yake, kisha akajitazama mwenyewe, na Mwikali aliona kabisa anachofikiri. Mutanu alinyoosha viganja vyake, akavigeuza juu na chini, akatanua vidole.

"Baba, mimi nimepona," alisema. "Sina kitu."

Musyoka alimgeukia mkewe. Alikuwa akingoja jibu, na mtoto naye alikuwa akingoja, mikono bado ameinyoosha.

"Mbebe," Mwikali alisema.

Alimbeba. Mutanu alishika shingo ya baba yake kwa nguvu, na kabla chai haijaiva alikuwa amelala kifuani pake, shavu kwenye ngozi. Mwikali alikaa kitandani akiwatazama na machozi yakamtoka, kwa sababu hakujua kama amemtendea mtoto wake wema au amemuumiza.