Maji ya Mnara

Mnara ulinyweshwa kwanza, watu baadaye. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi katika kambi ya Garissa, walikofungiwa wafugaji mwaka ule wa 1967 ili wasiwalishe waasi wa msituni. Simiti mbichi isipomwagiwa maji hupasuka, na bwana mkubwa kutoka Nairobi alikuwa njiani kuja kuuzindua Mnara wa Ujamaa. Basi askari akawa anaumwagia ndoo baada ya ndoo, foleni ya wanawake ikitazama. Mto Tana wenyewe ulionekana pale nje ya seng'enge. Ukiufuata bila kibali, unapigwa risasi.

Habibo alibakiwa na mbuzi mmoja. Ngamia wake wanajeshi waliwamaliza. Maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyomweka hai mjukuu wake Amran, aliyelala kibandani na homa, na sasa yalikuwa yamekatika kwa kiu.

Siku hiyo alichoka, wallahi alichoka! Akatoka kwenye foleni, akamvuta mbuzi hadi mnarani. Mbuzi akaanza kulamba ukuta uliolowa, chini ya maandishi yaliyochongwa.

"We mama! Toa hiyo mbuzi!" Koplo Kiilu alifoka.

"Afande, hii maandishi nasema nini?"

Aliyesoma ni Chifu Keynan, mwana wa kaka yake Habibo, aliyemwita shangazi yake eeddo: "Mali ya nchi ni ya wote, eeddo."

"Mimi si wote?"

Habibo akamnyang'anya askari ndoo, akaitua mbele ya mbuzi. Mnyama akatumbukiza pua. Kitako cha bunduki kikamwangusha Habibo, mkono ungali umeng'ang'ania ndoo. Kisha risasi ikalia. Mbuzi alikufa kabla kisu hakijamfikia, hata nyama ikawa haramu.

Damu ilitapakaa mnarani. Koplo akababaika, mgeni afike akute uchafu ule! Ghafla maji yakapatikana, tena mapipa mawili mazima, yakaviringishwa mbio kutoka ghalani.

"Osha!"

"Eeddo, osha tu, utatuponza," Keynan alinong'ona.

"Nenda ukaoshe wewe, unayekula mshahara wao."

Habibo akainuka, shavu limevimba. Akachota ndoo. Akamkazia koplo macho, akasema bismillahi, akanywa. Akampa Raho, jirani yake wa foleni. Raho akanywa, akampa mwenzake. Vumbi la magari ya mgeni likaanza kuonekana barabarani.

Koplo akakoki bunduki. Habibo akachota ya pili, hii ya Amran.