Maji Nyuma ya Pazia

Wifi yangu Shaikha hanipigii simu kuniuliza hali. Hunipigia kunambia yake. Kwa hiyo Jumanne ile aliponipigia asubuhi, akaniuliza afya, akaniuliza goti, akauliza mpaka paka, nikavuta kiti nikakaa. Nikajua pana jambo.

"Mahbuba, Balqees jana karudi nywele zimerowa."

"Mvua," nikasema.

"Mvua ya wapi, mwezi wa tisa, Maskati hii?"

"Basi jasho."

"Zimerowa mpaka kwenye mizizi, Mahbuba. Namuuliza, ananambia kiyoyozi cha kituoni kinavuja. Nikampigia bawabu. Viyoyozi vyote vizima. Mtoto kanidanganya, na kanidanganya huku ananitazama machoni."

Balqees ni mtoto wa kaka yangu, anasoma chuo kikuu. Kwa Shaikha ndiye mtoto wa pekee, kampata baada ya mimba kuharibika moja baada ya moja, mpaka sote tukaacha kuuliza. Balqees akipiga chafya, mamake anatafuta daktari. Jumatatu na Jumatano alasiri huenda Mawaleh na wenzake kujitolea kwenye kituo cha msikiti, jengo la wakfu lililo nyuma ya palipokuwa soko la mboga. Mitaa ile siku hizi imejaa Wachina: wauza taa, wauza vigae, na mkahawa mmoja wa tambi za kuvuta kwa mkono ambao mimi nikipita njia ile gari inageuka yenyewe. Wachache ni Waislamu tangu mababu zao, wengi hawana habari na dini yoyote, na kituo kinawapokea wote. Vijana wetu huwafundisha kina mama Kiarabu cha dukani na cha hospitali. Shaikha ndiye mkuu wa kamati ya wanawake, na chumba cha wanawake kikifungwa au kikifunguliwa, neno ni lake.

"Sasa sikiliza," akasema. "Mke wa bawabu ananambia wanajifungia. Balqees, yule rafiki yake Ruba, na Wachina wawili. Wanashusha mapazia. Anasikia maji yanamwagwa, na mtu anasoma kitu kwa sauti ya chini. Na mashuka mawili ya kituo hayamo kabatini."

"Masaji."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Natania, Shaikha."

"Mimi sitanii. Yule bibi wao, Bi Mu, mama wa mwenye mkahawa, mimi simwamini. Hazungumzi. Anatazama watu mikono. Mtu mzima anashika mikono ya watoto wa wenzake anaigeuzageuza, wewe unaona sawa? Ile ramli ile. Au wanapunga pepo."

"Pepo wa Kichina na Balqees watazungumza lugha gani?"

"Nenda kesho ukatazame. Wewe jicho lako halipitwi na kitu. Ukinambia pana uchafu, Alhamisi nabadilisha kitasa, na hao Wachina wako watafute pahala pengine."

"Wamekuwa wangu tangu lini?"

"Tangu uanze kula tambi zao."

Nikamuuliza kwa nini asiende mwenyewe. Akasema, "Mimi nikiingia watajipanga. Wewe hakuna anayekutilia maanani."

Nikamshukuru, nikakata simu.

Mcheshi mimi, lakini usiku ule nilijikuta namfikiria yule bibi. Kweli alishawahi kunishika mkono. Siku moja pale mkahawani, nalipa, kanitolea salamu, kisha kanishika kiganja, kakigeuza, kapitisha kidole gumba chake juu ya kucha zangu, kakiachia. Wala hakucheka. Nilipofika garini nikahesabu pete zangu. Zilikuwepo zote, lakini nilihesabu.

Jumatano nikatoka kwangu Ansab na bakuli la visheti, maana mtu mwenye bakuli mkononi haulizwi anakwenda wapi. Pale kituoni mapazia ya chumba cha wanawake yalikuwa yameshushwa kweli, saa kumi alasiri, jua linawaka. Nikagonga. Ndani kukaburutwa kitu kizito. Kisha nyayo. Kisha Balqees akafungua mlango nusu, akasimama pale penye nusu.

"Shangazi. Umekuja kufanya nini?"

"Kujitolea."

"Kujitolea nini?"

"Visheti."

Nikalitanguliza bakuli, nikapita. Walikuwa wanne, kama mke wa bawabu alivyosema. Balqees, na Ruba, mtoto wa watu wa Khuwair ya Kusini niliyemjua tangu mdogo. Yulan, mke wa mwenye mkahawa, mwenye mimba kubwa na Kiarabu chake cha sokoni. Na Bi Mu kitini, kajifunga mtandio mweupe, kakonda kuliko nilivyomwona mara ya mwisho, rangi ya uso imekuwa ya manjano. Wote wananitazama kama mimi ndiye polisi.

"Tunasoma," Ruba akasema. Akaokota kalamu, akaielekeza ubaoni. "Haya, tukariri. Nyanya. Kitunguu."

Bi Mu hakukariri nyanya wala kitunguu. Alinitazama mikono.

Nami nikatazama chumba. Ubao una tarehe ya wiki iliyopita. Meza ndefu ya chakula imesogezwa katikati ya chumba, na sakafu chini yake mbichi. Ndoo nyuma ya mlango, kata ya kuchotea maji ndani yake. Dirishani kikombe cha mchele kimechomekwa kijiti cha ubani cha Kichina, kinatoa moshi. Sisi majumbani kwetu tunafukiza udi mpaka nguo zinakohoa, hakuna anayeshtuka, lakini kile kijiti kimoja kilinisisimua mwili. Na Ruba, ambaye kucha zake ndefu zilikuwa gumzo la kila harusi, alikuwa kazikata zote mpaka kwenye nyama. Nikamtazama Balqees. Zake pia.

Nani anawakatisha watoto wa kike kucha? Na kucha hizo zimekwenda wapi?

"Kiyoyozi kinaendeleaje?" nikamuuliza Balqees.

"Kizuri, Shangazi."

"Hakivuji?"

Yulan akasema kitu kwa Kichina, taratibu, bila ya kuniondolea macho, na Bi Mu akatikisa kichwa. Nikajua nazungumzwa mimi, na nikajua si kwa uzuri.

Basi nikaaga. Nikasema nina miadi na daktari wa goti. Miwani yangu nikaiacha makusudi juu ya rafu, nikatoka, nikakaa garini hadi nikasikia ile meza inaburutwa tena. Nikarudi polepole, viatu mkononi. Nyuma ya pazia maji yalikuwa yanamwagwa, kidogo kidogo, na sauti ya kizee inasoma. Kitasa walisahau kukifunga, nikausukuma mlango.

Balqees alikuwa kalazwa juu ya meza, kafunikwa shuka jeupe mpaka kifuani, macho kayafumba. Bi Mu kakaa kichwani kwake. Ruba kashika kata.

Nimetazama vidudu kwenye darubini maisha yangu yote ya kazi, diploma yangu ni ya maabara, si mtu wa kutishika. Lakini yule ni mtoto wa kaka yangu, na nilimwona maiti. Sikuweza hata kusema bismillahi.

Balqees akafungua jicho moja. "Shangazi, funga mlango. Joto linaingia."

"Inuka," nikasema. Sauti yangu mwenyewe sikuijua. "Inuka juu ya meza hiyo sasa hivi, kisha mtanambia mnamfanyia nini mtoto wa watu."

Akainuka, nywele zinachuruzika maji. Mwisho Yulan akaanza, kwa Kiarabu chake, na pale kilipomkatikia Balqees akamalizia.

Bi Mu anaumwa ini. Daktari kashamwambia mwanawe maneno ambayo daktari huyasema akishaacha kuandika dawa. Kwao harudi tena, kaburi lake litakuwa hapa. Na kwao, tangu ujana wake, yeye ndiye aliyekuwa muosha wa wanawake waliokufa. Mtaa mzima umepita mikononi mwake.

"Hapa nako waosha wapo," nikasema. "Kina mama wa msikiti. Wazuri, wanajua sheria."

"Anajua," Yulan akasema. "Hagombani nao. Ila yeye hajaosha mtu ambaye hakuwahi kumsalimia alipokuwa hai. Hata mmoja. Na mwenyewe hataki kuoshwa na mtu asiyemjua. Anaona haya. Mimi ni mmoja tu, na nina mimba, na wanawake wenzangu wa mtaani si Waislamu."

Ndiyo maana ya salamu. Ndiyo maana ya mikono: alikuwa anatafuta wa kumwosha, na sasa anawafundisha. Anatazama kucha, anapima kama mkono una haraka.

"Sasa mdoli si yupo?" nikauliza. "Msikitini wanafundishia mdoli."

Yulan akamfasiria. Bi Mu akajibu maneno machache.

"Anasema mdoli hawezi kukwambia kama umemuumiza."

Hapo nikatafuta kiti.

"Na mamako kwa nini humwambii?" nikamuuliza Balqees.

"Nimwambie nini, Shangazi? Mama, leo nimelala nikawa maiti? Angesema najichuria, najiitia kifo. Angenitoa kituoni siku hiyohiyo, na Bi Mu angebaki na nani?"

Na kweli alikuwa anajichuria. Msinicheke. Najua si katika dini, najua darubini haijawahi kuonesha mkosi, lakini mtoto yule, mtoto wa pekee, nilikuwa nimemwona kanyooshwa vile chini ya shuka. Kama ningemwambia Shaikha nilichokiona, kitasa kingebadilishwa kabla ya Alhamisi. Kama nisingemwambia, Jumatatu Balqees angelala tena.

"Wewe hulali tena hapo," nikasema.

"Atalala nani? Yulan hawezi. Ruba kalala wiki nzima iliyopita, na yeye ndiye wa kumwagia maji, lazima ajifunze."

Nikaitazama ile meza. Ilikuwa meza ya kuwekea mabakuli ya biriani, na mimi kwa uzito si bakuli.

"Nishikeni mkono," nikasema.

Ilinichukua muda kupanda. Meza ikalia, Ruba akacheka, Bi Mu akamgonga kifundo cha mkono kwa kidole. Wakanifunika shuka juu ya nguo zangu. Nikasema mbona maji ya baridi, Yulan akafasiri kutoka kwa bibi: "Maiti hasemi." Nikasema nitajaribu.

Kisha Bi Mu akaweka kiganja chini ya kisogo changu, akakinyanyua kichwa. Sijui nielezeje. Msusi ananishika kichwa, daktari wa meno ananishika kichwa. Hakuna aliyewahi kukishika kama kitu ambacho mwenyewe kaondoka na atakiulizia akirudi. Akaushika mkono wa Balqees, akauweka pale pale ulipokuwa wake, akauachia. Nikafumba macho.

Mlango ukafunguliwa bila ya kugongwa. Kabla ya sauti nilisikia harufu ya udi wa Shaikha, hakuweza kungoja simu yangu.

"Mahbuba?"

"Nimekufa," nikasema.

"Maiti hasemi," Yulan akanikumbusha.

Balqees ndiye aliyesema. Alimweleza mamake yote kwa mkupuo, ini, salamu, mdoli, bila ya kuvuta pumzi, na mkono wake muda wote uko chini ya kisogo changu. Mimi sikufumbua macho. Niliogopa kumwona Shaikha usoni.

"Wewe ulishalala hapo?" Shaikha akauliza. Alisema kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopwa.

"Mimi ndiye nnayelala," nikasema. "Na nitalala mimi mpaka wajue. Kama pana mkosi nimeuchukua mimi, nina umri wa kutosha."

"Sijakuuliza wewe."

Nywele za Balqees zilikuwa bado zinanidondokea shavuni, na mamake macho anayo. Nikamsikia anahema.

"Kitasa kinabadilishwa kesho," akasema.

"Sawa, Mama."

"Sawa nini?"

"Tutakwenda kuyafanya nyumbani kwao, mkahawani juu. Nimemuahidi."

Sijawahi kumsikia Balqees akimjibu mamake vile. Nadhani na Shaikha pia. Kiti kikaburutwa, Bi Mu akainuka. Hatua zake nzito, za mgonjwa, zikapita ubavuni mwangu zikaelekea mlangoni.

"Assalamu alaykum," akasema, kwa matamshi yao.

Mtu unaweza kumchukia mwenzio, ukamshuku, ukamfungia mlango, lakini salamu ile ikishakuangukia, utaiweka wapi?

"Wa alaykumu salaam," Shaikha akasema.

Bi Mu akarudi kitini polepole. Ruba, nafikiri kwa woga tu, akaendelea na kazi yake, maji yakaniangukia begani.

"Kulia kwanza," Shaikha akasema kutoka mlangoni. "Nani kakwambia uanze kushoto?"

"Samahani, Khalti."

"Na usimwage kutoka juu hivyo. Unamwagilia bustani?"

Sikufumbua macho. Nilisikia mkoba unawekwa kitini, kisha bangili zinavuliwa, moja moja. Shaikha ana bangili nyingi. Tukangoja.