Koti la Kamusi

Fundi cherehani alivalisha mtaa mzima, halafu mume wake mwenyewe akatembea na koti lililolika mpaka kwenye kola. Alikuwa amesema mpaka mdomo ukamuuma. Leo wazazi wa mchumba wa binti yao walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza, naye aliapa kwamba koti lile halitakaa sebuleni mbele ya wakwe. Wangesema huyu ni fundi wa jina tu.

Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Kamusi kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, alikuwa mezani tangu asubuhi akimenyana na neno moja.

“Threadbare,” alisema, vidole viko chini ya kola, kama kawaida yake neno linapomtoa jasho. “Sikiliza, Fundi. Kipande cha kwanza ni uzi, cha pili ni kuwa wazi, bila kitu juu. Kitambaa cha sufu kina manyoya laini. Yakiisha, nyuzi zinabaki nje. Ndiyo asili yake. Sasa nikiandika ‘kuchakaa’ basi, si nitakuwa nimelipunja?”

“Andika ‘koti la baba watoto’. Kila mtu ataelewa.”

Kamusi alicheka mpaka miwani ikateleza puani. Lakini koti hakulivua.

Alipoingia kuoga, fundi akalinyakua. Kola ikilika, dawa yake mafundi wanaijua: unaifumua, unaigeuza, upande mzima unakuja juu, unashona tena. Akafumua haraka haraka bila hata kutazama, mikono yenyewe inajua njia. Akaigeuza, akapigwa na butwaa. Upande wa chini nao ulikuwa umelika vilevile, na ukingoni ziling'ang'ania nyuzi nyekundu.

Akaketi. Kumbe alishaigeuza mwenyewe, mwaka ule binti yao alipozaliwa. Kamusi alikuwa anakwenda kuomba hii kazi ya kamusi, uzi mweusi umekwisha, naye fundi akashona kwa mwekundu huko chini mahali pasipoonekana. Alikuwa amesahau kabisa. Fundi mzima, anageuza kola ile ile mara mbili!

“Koti langu liko wapi?”

Kamusi alisimama mlangoni, shati limefungwa nusu. Akaiona kola mapajani mwa mkewe, uso ukamshuka.

“Nimekosea, baba watoto. Haigeuziki tena. Vaa lile la bluu.”

“Na ule uzi mwekundu umeutupa?”

Fundi akainua macho. “Unaujua?”

“Nisiujue vipi? Neno likinishinda naupapasa. Ulikuwa umetoka kujifungua, huna nguvu, ukajikokota mpaka kwenye cherehani kwa ajili yangu.” Akaipapasa ile kola. “Miaka yote hii ulidhani najikuna?”

Alidhani hivyo kweli. Hata dawa ya upele aliwahi kumnunulia.

Nje binti yao alipiga hodi, na nyuma yake zikasikika sauti za wageni. Fundi alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akavuta droo ya nyuzi. Mweusi ulikuwepo, tena mwingi. Akauruka, akachukua mwekundu.

“Nenda kawafungulie,” alisema, akiupitisha kwenye tundu la sindano. “Waambie baba watoto anasubiri koti lake.”