Mashine Inayomwaga Maji

Asubuhi hiyo Nyamizi alikuta mtu ameshindilia kipande cha gunzi kwenye mrija wa mashine yake ya kuchuja maji, ule mrija mwembamba wa kutolea maji machafu.

Hakuuliza ni nani. Pale nyumbani kwao Kagongwa aliyekuwa akiulalamikia mrija ule ni mmoja tu, mumewe, mzee Maganga; akamwendea.

"Ndiyo, ni mimi," alisema Maganga bila kuinua macho kwenye chai. "Ndoo nne zinaingia, ya kunywa inatoka moja, tatu zinamwagwa. Kwa ukame huu! Majirani wanatucheka, Mama Noela."

"Wacheke tu, tuyaone meno yao."

Maganga akarudia chai yake. Maji ya kisima chao yalikuwa na floraidi nyingi, madini yasiyoonekana wala kunusika, na nusu ya watu wa pale walikuwa na meno ya rangi ya kutu. Noela, binti yao, tangu darasa la tano hajawahi kucheka bila kuziba mdomo kwa upindo wa kanga. Sasa Noela alikuwa na mtoto wa miaka miwili, Mariana. Muuguzi wa kliniki alisema meno ya ukubwani ya mtoto yanajengwa sasa hivi, ndani ya ufizi, na kwamba kuchemsha maji hakuiondoi floraidi.

Ndipo Nyamizi akauza mbuzi wake, akanunua mashine. Hozefa, aliyemuuzia dukani kwake Kahama, alikuja mwenyewe kuifunga, akamweleza mara mbili, taratibu, bila kuonyesha kuchoka.

"Mama, pampu inasukuma maji kwa nguvu kwenye utando wenye matundu madogo mno. Maji yanapenya, chumvi na floraidi vinabaki. Yale yaliyobaki lazima yatoke yakiuosha utando. Yakikosa njia, uchafu unarundikana, utando unaziba."

Asubuhi hii Nyamizi alimrudia mumewe maneno yale yote, kisha akalichomoa gunzi. Maji yalidondoka kwa kusitasita, halafu yakatiririka. Akashusha pumzi.

"Basi baiskeli yangu haibebi tena maji ya kumwaga," alisema Maganga.

"Nitabeba mimi."

"Kwa magoti hayo?"

"Kwa magoti haya haya."

Kisimani wanawake walimwona na ndoo, wakaanza.

"Mayu, mama yetu, leo unamwagilia barabara?" aliuliza Mama Donatus.

"Namnywesha mjukuu wangu. Barabara ikibahatika, nayo itakunywa."

Wakaangua kicheko. Lakini Mama Donatus ndiye aliyempisha kwenye foleni, akamwekea vizuri kata kichwani ndoo isimuumize, kisha akamtwisha.

Alikwenda mara ya pili, na ya tatu. Magoti yalimlilia, hakuyasikiliza. Aliporudi mara ya tatu akakuta Maganga amesogeza beseni la nguo chini ya mrija.

"Angalau tufulie," alisema mzee.

"Nilikwambia hivyo wiki iliyopita."

Akamimina maji mashineni, akamkingia Mariana kikombe, akasimama hadi mtoto alipomaliza. Kisha akachukua ndoo tupu.

Maganga alikohoa. "Baiskeli ipo."

"Naiona," alijibu Nyamizi, akiwa tayari uani. "Ikitaka kuja kisimani, njia inaijua."