Paa Moja Mjini Mbale

Tangu atoke Jinja, Mutwalibu alikuwa amechagua hosteli mbili na kuzighairi zote. Ya kwanza, simu yake ilisema, ni safi kama pamba. Chini yake mtu mwingine akaandika kwamba kunguni wa pale wanamjua kila mgeni kwa jina. Ya pili ilikuwa jirani na stendi, lakini rafiki yake Asuman akapiga simu kumwonya.

"Pale si hosteli, bwana, ni loji. Watu wanaingia wawili wawili mchana, wanatoka mmoja mmoja. Kesho unakwenda kuposa mtoto wa watu, leo uonekane unatoka loji?"

Hofu yake ilikuwa hiyo hiyo. Kesho wazee wake wangefika kutoka kwao Mpumudde, Jinja, wafuatane naye hadi Busiu kumtambulisha kwa akina Hasifa, mchumba wake. Yeye alitangulia ili aingie ukweni kwa mguu wa kulia, bila dosari hata moja.

Basi akachagua ya tatu: nyumba ndefu ya matofali chini ya majabali ya Wanale, vitanda vya ghorofa, wanaume kulia, wanawake kushoto, na mahema uani kwa wapanda mlima. Mapokezini alikaa Betty, binti wa mwanajeshi, aliyekulia kambini. Kiswahili chake kilisimama wima kama askari.

"Karibu, bwana! Kitanda yako ile ya juu. Viatu acha mlangoni. Kuoga huko nyuma."

Uani mama mmoja wa makamo, aliyejitanda mtandio wa zambarau, alikuwa akichambua mchele.

"Asalaam aleikum, mama."

Mama akainua macho, akapiga yowe. Ungo ukamponyoka, mchele ukatapakaa, naye akakimbilia nyuma ya mashuka yaliyoanikwa kambani.

Mutwalibu akajitazama. Suruali ilikuwa imefungwa vizuri. Akainama aokote mchele.

"Usiguse!" sauti ikatoka nyuma ya shuka. "Betty! Mwanangu, njoo umwondoe huyu!"

Akaondoka bila kuoga. Baadaye wakakutana ukumbini. Mama akageukia ukuta, akaukumbatia kama ndugu aliyepotea. Punde Betty akaja, mikono kiunoni.

"Wewe ulifanya nini huyu mama?"

"Nimemsalimia tu!"

"Anasema wewe ukilala hapa, yeye analala njiani. Nauliza sababu, anasema hiyo sababu ni aibu kutaja."

Mutwalibu akajiuliza. Alifanana na mwizi? Au ni kwa sababu yeye ni Msoga? Akampigia Hasifa, angalau apate sauti ya kumfariji, akamsimulia yote.

"Amevaaje huyo mama?" Hasifa akauliza.

"Mtandio wa zambarau."

Hasifa akashusha sauti.

"Mutwa, huyo ni mama yangu. Ametoka Soroti kwenye biashara yake. Huku nyumbani wageni wamelala hadi jikoni, nikamwambia apumzike hapo mjini. Wewe amekuona pichani."

Kwao Busoga, kama huku kwa Wagisu, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, na hawalali chini ya paa moja. Wazee husema avunjaye mwiko huo hutetemeka mwili mpaka kaburini. Na hosteli nzima ilikuwa na paa moja la mabati! Wazee wakisikia, posa itasimama.

Akachukua begi lake, akatoka uani.

"Betty," mashuka yakasema, "mwambie asiondoke. Mtoto wa watu atalala wapi? Nitaondoka mimi."

"Betty, mwambie mama abaki. Mimi ni kijana, sitakosa pa kulala."

"Lakini mko hapa hapa!" Betty akashangaa. "Si mnasikiana?"

"Mwambie!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Betty akakuna kichwa, kisha akaonyesha mahema. "Si hema ina paa yake?"

Mashuka yakafikiri kwanza.

"Muulize kamba zake zimefungwa wapi."

Kamba moja ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya baraza. Mutwalibu hakujua kama mwiko hupita kwenye kamba, wala hakujua wa kumuuliza, lakini aliifungua, akaifunga kwenye mpapai. Hema likainama upande mmoja kama jogoo mgonjwa.

Giza lilipokaribia, Betty akamletea sahani ya wali.

"Mama anasema kula. Anasema kesho huko Busiu, ukimwona, ushangae. Nyinyi hamjakutana."

Mutwalibu akala polepole. Wali ulikuwa na chembe za mchanga wa uani. Amekubaliwa? Amesamehewa? Au anaonewa huruma tu kama mgeni yeyote mwenye njaa?

"Mwambie..." akaanza. Nyuma ya mashuka mtu akakohoa kwa ukali.

"Nimwambie nini?" Betty akauliza.

"Umwambie nani? Mimi kuna mtu nimemwona hapa?"

Na nyuma ya mashuka, mtu ambaye hakuwapo akaangua kicheko.