Ahsante Iliyobaki Mezani

Katika mji wa Tlalixco, katika milima ya jimbo la Guerrero, mtu hainuki mezani akaondoka bila kuwatakia heri wale wanaoendelea kula. Husema, "Kiwafae," nao humjibu, "Ahsante." Haidhuru kama wanajuana au hawajuani, kama aondokaye ni tajiri au mchukuzi wa sokoni. Watoto hufundishwa hayo kabla ya kufundishwa kushika kijiko, na padre huyataja pamoja na zile amri kumi kana kwamba yalishuka mlimani siku ile ile.

Crisanta na mumewe Leobardo walikuwa wakila mkahawani kila Alhamisi tangu walipooana. Alhamisi ni siku ya pozole ya kijani, nayo ni kande ya mahindi meupe na nyama ya nguruwe katika mchuzi wa mbegu za maboga zilizosagwa. Hakuna mwanamke mwenye akili katika mji ule apikaye pozole nyumbani siku hiyo, maana wako wanaoijua kazi. Leobardo, aliyekuwa mtengeneza matandiko ya farasi na mtu wa maneno mengi, alizoea kuwaambia wahudumu kwamba alioa ili apate sababu ya kutoka nyumbani mchana. Crisanta alizoea kujibu kwamba yeye alikubali kwa ajili ya pozole, si kwa ajili ya sura ile.

Alhamisi moja ya msimu wa mvua walikuwa kwa Mama Chayo, karibu na soko. Katika meza ya jirani aliketi Nabor, kijana aliyeitunza chemchemi ya mji, ambaye alikuwa amenena hadharani kwamba kiwanda cha mbao kilikata msitu ulio juu ya chemchemi hiyo bila ruhusa ya mtu yeyote. Watu wanne wa kiwanda wakaingia, wakamshika, wakamwinua. Nabor hakupiga kelele. Alipofika mlangoni aligeuza kichwa, kwa kuwa alikuwa amelelewa vema, akasema, "Kiwafae."

Hakuna aliyemjibu. Leobardo alifungua kinywa. Crisanta akaukanyaga mguu wake chini ya meza, akaukanyaga kwa kisigino, na kinywa kikafungwa. Gari likaondoka. Nabor hakuonekana tena, wala maiti yake haikuonekana, na kila ofisi aliyoiendea mama yake ilimwelekeza kwenye ofisi nyingine.

Tangu siku hiyo wote waliokuwamo walitozwa, kila mmoja kwa namna yake. Muuza viatu alitia chumvi chakulani isikolee. Mwalimu wa kwaya alionja chuma katika kila kitu, hata katika papai. Leobardo yalimpata mawili. Neno "ahsante" halikumtoka tena kinywani, akawa anashukuru kwa kutikisa kichwa. Tena bakuli lake halikupungua. Alichota, akatafuna, akameza, na kande ikabaki pale pale ilipokuwa, karibu na ukingo, ikifuka mvuke; wala alichokimeza hakikumfikia tumboni. Nyumbani ikawa vivyo hivyo kwa maharagwe na kwa mikate ya mahindi.

Crisanta alidhani kwamba kosa lilikuwa la mahali. Basi Alhamisi iliyofuata alimpeleka mumewe kwenye mkahawa ulio mkabala wa kanisa, ambako huweka dagaa kando ya bakuli na parachichi huja limeiva. Walipokuwa katikati ya mlo, sauti ya Nabor ikasema kutoka mlangoni, kwa adabu, "Kiwafae." Mlangoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyayo mbili za matope, na mhudumu akaja akazipiga deki. Walaji wakainamisha nyuso zao na kutafuta ndimu ambazo walikuwa nazo mkononi.

Wakahamia kwa Fidencio, nyuma ya kituo cha mafuta, ambaye mahindi yake hayaivi na pilipili yake ni ya wiki iliyopita. Sauti ikaja huko nako, maana ilifika popote alipokula mtu aliyekuwamo siku ile. Fidencio aliwaomba wazee hao wasichukie, lakini kama wangependa kuja mapema kidogo, kabla ya wageni wa mbali, ingekuwa vizuri kwa wote. Kisha akawaongezea ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, bure, kwa aibu.

Leobardo akakonda. Kila alipoona suruali inashuka alitoboa mkanda wake tundu jipya kwa sindano yake ya ngozi, hata matundu yakawa mengi kuliko mkanda. Daktari alimpima kifua na damu, akasema mzee ana njaa, akamwagiza ale.

"Kisigino chako, bibi wee," alimwambia mkewe walipokuwa wakirudi nyumbani, "kingefaa kushindilia ngozi."

Alisema bila lawama, na Crisanta angalipenda alaumiwe.

"Ningekuacha ujibu, ningekuwa mjane siku ile ile."

"Na sasa unakuwa mjane polepole," akasema Leobardo. "Wewe haraka huipendi, nakujua."

Alhamisi iliyofuata Crisanta alivaa rebozo yake nyeusi, ile shali ya kanisani, akamshika mumewe mkono kama amshikavyo mtoto avukapo mto, akamrudisha kwa Mama Chayo, kwenye meza ile ile. Mama Chayo aliwaona, akajifuta mikono, akaleta mabakuli mawili pasipo kuuliza.

Pembeni alikuwa akila Gaudencio, msimamizi wa kiwanda cha mbao, ambaye siku ile ndiye aliyemshika Nabor mkono wa kuume. Yeye alikula hapo kila Alhamisi na alikuwa amenenepa. Hakutozwa kitu, kwa sababu siku ile hakuwa akila, na kwa hiyo hakuwa miongoni mwa waliotakiwa heri. Sauti ya Nabor alikuwa ameizoea. Aliitumia kama saa. Ikishasema, aliagiza kahawa.

Sauti ikaja. "Kiwafae," ikasema, na nyayo za matope zikatokea kizingitini.

Crisanta aliweka mikono yote miwili mezani.

"Ahsante, Nabor," akasema.

Vijiko vikasimama. Nyayo zile zikakauka, zikawa vumbi, na upepo wa barabarani ukalichukua. Leobardo akachota, na mahali alipochota pakabaki shimo. Akachota tena. Mchuzi ukashuka kutoka ukingoni, na rangi ikaanza kurudi masikioni mwake. Alikula kama mtu aandikaye barua, na Crisanta alilitazama bakuli, hakumtazama yeye.

Gaudencio alikuwa amegeuza kiti chake. Alimtazama Crisanta kutoka chini hadi juu, pasipo hasira, kama watu wa kazi yake watazamavyo mti kabla hawajaamua uangukie upande gani. Kisha akaagiza kahawa, akainywa yote, akavaa kofia, akainuka. Njia ya kwenda mlangoni ilipita mezani pao. Hapo akasimama.

"Kiwafae, mama," akasema. "Kiwafae, mzee."

Katika bakuli zilibaki punje chache za mahindi. Leobardo alichota, akameza, na punje zikawa zile zile. Akachota tena. Zile zile. Crisanta aliona shingo ya mumewe, jinsi ilivyokuwa nyembamba ndani ya ukosi wa shati. Gaudencio alingoja kwa adabu, kofia kichwani, maana kanuni haiulizi ni nani asemaye.

Crisanta akaukanyaga mguu wa mumewe chini ya meza, safari hii ili aseme.

"Ahsante," akasema Leobardo.

Neno lilitoka safi, kama lilivyokuwa zamani. Gaudencio akagusa ukingo wa kofia, akatoka. Barabarani lilipita lori la magogo, vioo vikatikisika, na Leobardo akamaliza kula. Mama Chayo akaja, akaliinamisha bakuli kuelekea mwangani, akaona kwamba ni tupu, akalichukua kwenda kuosha.